Miwani yenye uzi: kisa cha picha za chapa kwenye barza moja ya Pemba

Kisa hiki ni cha Pemba, katika mji ambao sitautaja. Ofisi inayohusika nayo haina jina hapa. Watu nimewaita kwa herufi au kwa kazi zao, na mambo mawili matatu yasiyogusa kiini nimeyageuza makusudi. Nimengoja mpaka wahusika wakuu wawili wakahamishwa vituo ndipo nikashika kalamu, kwa sababu itakayoonekana mbele.

Usuli

Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja cha skuli tulichoazimwa, kuanzia baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi, siku tatu kwa wiki. Tulikuwa na vijana tisa, wa kike wanne na wa kiume watano, mkubwa wao ana miaka 22. Mimi nilifundisha kuchonga na kupiga chapa. Mwenzangu, nitakayemwita Bi. T, ni muuza kanga wa miaka mingi, na yeye alifundisha maneno. Picha zetu tulizipanga kama kanga: pindo pembezoni, mji katikati, jina, yaani msemo wake, chini. Mtoto wa Pemba kaisoma kanga tangu yumo mgongoni mwa mamake, kwa hiyo mpangilio huo haukuhitaji maelezo. Bi. T alikuwa na kanuni moja tu: jina likisomwa mara moja likaisha, hilo si jina, hilo ni tangazo.

Lino, ule ubao laini wa linoleamu wa kuchongea chapa, hatukuipata Pemba. Tulichonga malapa (kandambili) yaliyokatika, tukayabandika kwenye vipande vya plaiwudi kwa gundi ya viatu. Bobari zetu, yaani patasi za kuchimbia mistari, zilikuwa mbavu za miavuli mibovu. Ule ubavu wa chuma una mfereji ndani yake. Ukiukata na kuunoa kwenye jiwe, unachimba mstari mwembamba vizuri kabisa. Wino mzito tuliuagiza Unguja kwa kopo, ukaja na boti. Mashine hatukuwa nayo. Karatasi hulazwa juu ya kibao kilichopakwa wino, ikasuguliwa kwa mgongo wa upawa, taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Ukiinua pembe ya karatasi husikia inanata kama halua inayobanduliwa kwenye kifungashio chake. Hapo ndipo vijana wote huacha walichokuwa wakifanya wakaja kuchungulia.

Mwezi wa pili wa karakana, mgeni mmoja alituachia vipande vinne vya lino ya kweli na seti ya visu vyake. Vipande hivyo vinne vina sehemu kubwa katika yaliyofuata.

Somo lililotangulia

Kabla ya kazi niliwaonesha nakala za watu waliofanya kejeli kwa kibao, kwa sahani ya shaba na kwa jiwe. Tulianza na Honoré Daumier wa Ufaransa, ambaye mwaka 1831 alimchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu lililokaa kitini. Kuna ubao mrefu umeegeshwa kinywani mwake, maskini wanaupanda na vikapu vya fedha, na chini ya kiti zinamtoka hati za vyeo. Alifungwa miezi sita kwa picha hiyo. Mwenye gazeti alilolichorea, Charles Philipon, alijitetea mahakamani mwaka huohuo kwa kuchora uso wa mfalme ukigeuka pea kwa hatua nne, kisha akauliza: ni hatua ipi iliyo kosa? Vijana wakataka kujua pea ni kitu gani. Nikawaambia ni tunda kama pera lililovutwa shingo. Wiki nzima ikawa mapera kwenye kila karatasi.

Niliwaonesha pia Goya wa Hispania, ambaye mwaka 1799 alitoa picha 80 za *Los Caprichos*, akaziondoa sokoni baada ya muda mfupi tu, na mwaka 1803 akamkabidhi mfalme sahani zake. Punda aliyevaa kama tabibu, kashika mkono wa mgonjwa kumpima mapigo, ndiye aliyewapendeza kuliko wote. Na José Guadalupe Posada wa Mexico, aliyefariki mwaka 1913, ambaye mafuvu na mifupa yake yaliuzwa mitaani kwenye karatasi rahisi, tajiri na muuza maji wote wakiwa mifupa mitupu.

Kisha nikawakumbusha kwamba kejeli kwetu haikuja na meli. Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa (sherehe ya mwaka mpya) ukifika, wanaume hupigana kwa magogo ya migomba na wanawake huimba maneno ambayo siku nyingine yangeleta kesi. Jua likishuka, watu wanakula pamoja. Na mke mwenza anayejua kazi yake hahitaji kusema neno, kanga aliyojifunga imeshasema.

Zoezi likawa hili, na niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: *Choreni kinachokuchosheni. Msichore mtu.*

Kilichotokea

Wote tisa, bila kukubaliana, walichagua kitu kimoja: kufuatilia karatasi ofisini. Barua ya sheha, cheti cha kuzaliwa, fomu ya hiki na kile. Tukachuja, zikabaki picha nne.

Ya kwanza ni kiti cha ofisi kilichovikwa koti. Mtu hayupo. Foleni mbele yake inaishia nje ya karatasi. Jina: KOTI LIPO KAZINI. Ya pili ni muhuri wenye tumbo, umejilaza kwenye mkeka, mmoja anaupepea na mwingine anaunywesha wino kwa kijiko. Jina: NIKISHIBA NITAGONGA. Ya tatu ni kunguru juu ya rundo la mafaili, bahasha mdomoni: BARUA YAKO INASHUGHULIKIWA. Bi. T aliikataa hii ya mwisho kwa kanuni yake, akasema ni tangazo. Nikamwambia ndiyo, ni tangazo lao wenyewe. Hatukukubaliana mpaka leo, ila ndiyo iliyouzika kwanza.

Picha ya koti ilianza kwa aibu. Kijana alichonga herufi kama anavyoziandika, na karatasi ilipobanduliwa ikasomeka INIZAK OPIL ITOK. Ilibidi tufundishane upya: andika kwa mkaa kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya kibao, sugua, kisha chonga kilichogeuka. Zile nakala tatu zilizoharibika hatukuzitupa, na siku ya maonesho bibi mmoja alichagua moja ya hizo akaacha zile nzuri. "Nipe hii," alisema. "Hivi ndivyo barua yangu walivyoisoma."

Ya nne ilikuwa ya M., miaka 19, mkono mwepesi kuliko wote. Alichora dirisha la ofisi lenye nondo, mkono umetoka kumzuia mtu, na nyuma ya nondo kichwa kisicho na uso. Jina alilitunga mwenyewe: KESHO YA DIRISHANI HAIPAMBAZUKI. Bi. T alipiga makofi. Kwa kuwa picha ilikuwa nzuri, nilimpa kipande kimoja cha lino ya kweli.

Nakala ya majaribio ilipotoka, mwenzake mmoja akasema: "Huyu mbona hana uso?" M. akarudi kwenye kibao. Akachimba duara mbili za miwani. Kisha akageuza kisu, akavuta mkato mmoja mwembamba kutoka pembe ya miwani ukapita juu ya sikio mpaka kisogoni. Mstari mweupe juu ya weusi, hauzidi urefu wa kucha. Alipobandua karatasi ya pili, chumba kizima kilicheka. Nami nilicheka. Mjini petu kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefunga miwani yake kwa uzi.

Nilikuwa nimesimama chini ya ubao ulioandikwa *Msichore mtu*, kwa mkono wangu mwenyewe, na sikusema kitu.

Ijumaa tukafunga kamba kati ya nguzo mbili za barza moja, jirani na muuza kahawa, tukaning'iniza karatasi kwa vibanio vya nguo. Nakala 30 kwa kila picha, shilingi 1,000 moja. Pembeni tulipiga alama ya karakana, kilapa kidogo, bila jina la mtu. Watu walitoka kusali Alasiri wakasimama. Walisoma majina kwa sauti, wakasukumana, wakanunua. Mpaka Magharibi tulikuwa tumeuza karatasi 52, na kumi na moja kati yake ni za dirisha.

Jumamosi picha ya dirisha ilikuwa imeshapigwa picha kwa simu na kuingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, chini yake mtu kaandika jina kamili la mwenye miwani. Nitamwita Karani, kwa sababu ndiyo kazi yake. Jumapili watoto walimfuata kutoka sokoni hadi mlangoni kwake wakiimba "Uzi! Uzi!" Binti yake hakwenda skuli Jumatatu wala Jumanne.

Tulivyoamua, na kwa nini

Jumatatu asubuhi Mzee S., mwenye barza, alinijia kabla sijanywa chai. Hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Maalim, ule uzi unajua umetoka wapi?" Sikujua. Akanieleza. Mkono wa miwani ulivunjika miezi mingi nyuma, kuibadilisha ni mpaka Unguja, na kila alipopata nauli ya boti kulikuwa na jambo la nyumbani lililotangulia.

Mchana wa siku hiyo ujumbe wa mdomo ukaja kutoka ofisini: niende na karatasi zote. Nilikwenda. Swali niliulizwa mara tatu kwa maneno tofauti: nani kakutumeni? Nilitaja wanafunzi, nikataja zoezi. Niliambiwa pia kwamba kuchapisha kuna taratibu zake. Zanzibar ina Sheria Na. 5 ya 1988 ya usajili wa mawakala wa habari, magazeti na vitabu, na Katiba yake ya 1984, kifungu cha 18, inalinda uhuru wa kutoa maoni. Nilipoulizwa, sikuwa nimesoma hata kimoja. Nilitoka na onyo, karatasi wakanirudishia. Mwaka huo haukuwa wa uchaguzi. Ungekuwa wa uchaguzi, nadhani kisa hiki kingekuwa kirefu zaidi.

Usiku tulikaa, mimi, Bi. T, M., na ami yake M. Kulikuwa na rai tatu mezani. Ya ami: shusheni zote, ombeni radhi kwa zote, yaishe. Ya M.: tusishushe hata moja, kwani tumesema uongo gani? Ya Bi. T ndiyo tuliyoifuata. Tuishushe ya dirisha peke yake, na tuombe radhi kwa uzi peke yake. Alisema ukiomba radhi kwa kila kitu, umekiri kwamba koti nalo ni tusi, na koti si tusi. Tukaamua pia nakala zilizobaki zipigwe jina la karakana na jina langu, ili lisisalie swali la nani katuma.

Kesho yake, mbele ya Mzee S., M. alikikwaruza kibao cha dirisha kwa msumari kutoka pembe hadi pembe. Ndivyo wachapaji wanavyofanya wanapotaka picha isitoke tena. Mzee S. akakitazama kibao, akasema: "Mmemuua aliyekwisha kuzaa." Nakala kumi na moja zilikuwa nje. Tulizungukia nyumba tunazozijua, tukarudishiwa nne.

Kisha kwa Karani. M. alitaka kwenda peke yake, kiume. Wazee walikataa, na walikuwa na haki. Tukaenda wanne baada ya Isha: Mzee S., ami, mimi na M. Karani alitupokea, kahawa ikaletwa, salamu zikaenda mbali sana kabla ya kufika kwenye jambo. M. aliomba radhi kwa sauti ndogo. Karani alivua ile miwani akaiweka juu ya mkeka katikati yetu.

"Dirisha lisemeni," alisema. "Mimi mwenyewe nalisema kila siku. Hii imekukoseeni nini?"

Hakuna aliyejibu. Baada ya kimya akamgeukia M. "Na muhuri unadhani ninao mimi? Muhuri umo kwenye droo, mwanangu. Na ufunguo wa droo umo mfukoni mwa mtu anayefika saa tano. Nami namngoja, kama wewe, ila mimi nangoja ndani."

Nyumbani, usiku uleule, M. alichora picha ya tano: mfuko wa koti, ufunguo mkubwa umechomoza kichwa, na huko nyuma kabisa dirisha dogo lenye watu pande zake zote mbili. Jina: UFUNGUO HAUPANGI FOLENI. Hiyo ndiyo picha bora iliyowahi kutoka mikononi mwa mwanafunzi wangu yeyote, na tuliamua isichongwe. Habari ya droo waliijua watu watatu mle ofisini. Karatasi ile ingetundikwa Ijumaa, na Jumatatu Karani angeulizwa kwa nini anatoa siri za kazi. M. alinuna siku nyingi. Mchoro ninao.

Matokeo

Picha tatu zilizosalia ziliuzwa zote ndani ya wiki mbili. "Koti lipo kazini" likaingia kwenye maneno ya watu. Nimelisikia likisemwa na dereva wa daladala ambaye sidhani kama aliiona karatasi yenyewe. Wasichana wawili waliachishwa na wazazi wao. Baada ya mwezi skuli ikatuomba chumba kwa barua ya adabu, kwa ajili ya matengenezo. Matengenezo sijayaona, lakini chumba ni chao.

Mlangoni mwa ofisi palibandikwa karatasi ya saa za kazi. Ni kwa sababu yetu? Mkubwa mpya alihamia karibu na wakati huo, na wakubwa wapya hupenda kubandika karatasi. Kwa hiyo hatulidai hilo.

Nakala saba za dirisha ziko mahali fulani. Ile ya kwenye simu ndiyo isiyo na hesabu. Hurudi kila ofisi yoyote ikikasirisha watu, na jina la Karani bado liko chini yake.

Uchambuzi

Niliposimulia kisa hiki kwa walimu wenzangu, wengi walisema kosa ni kuigusa ofisi. Sikubali. Koti, muhuri na kunguru viliigusa ofisi ileile, pengine kwa ukali zaidi, na hata pale nilipoitwa hakuna aliyevilalamikia. Mmoja wa waliokuwa chumbani alijikaza asicheke alipofika kwenye muhuri, nilimwona. Picha hizo zilipiga mahali mamlaka ilipo hasa: kwenye kiti, kwenye wino, kwenye lugha ya "inashughulikiwa".

Uzi ulipiga pengine. Tulidhani tumemdhihaki mwenye nguvu, kumbe tulimdhihaki mtu kwa kukosa nauli. Daumier alimpa mfalme tumbo kwa sababu tumbo lile lilikuwa hoja yenyewe: kodi inaingia hapa, vyeo vinatoka pale. Miwani yenye uzi haisemi chochote kuhusu barua kuchelewa. Ingefaa nimuulize M. swali moja tu alipobandua ile nakala ya pili: mkato huu unaeleza nini kuhusu dirisha? Angeshindwa kujibu, na tungeufuta kwa kuchimba eneo lote la sikio. Kazi ya dakika mbili.

Kuna jambo la vifaa ambalo lilinichukua muda kuliona. Kwa miezi miwili tulichonga malapa, na hakuna hata picha moja iliyofanana na mtu. Mpira wa kilapa haukubali mstari mwembamba. Unararuka, unajikunja, uso unatoka kama kiazi. Tulilalamika sana. Kumbe kilapa kilikuwa kinatulinda: kilitulazimisha tuchore aina ya mtu, si mtu. Lino ilipoingia, mkono wa M. ukaweza kusema jina la mtu kwa mkato mmoja, na mimi nilikuwa nimemfundisha kukata, sijamfundisha kujizuia. Mwalimu anayeleta kifaa kikali zaidi alete na somo lake siku hiyohiyo.

Halafu droo. Tangu mwanzo tuliichora ofisi kama inavyoonekana kutoka kwenye foleni, na kutoka kwenye foleni huonekana uso mmoja tu, wa aliyewekwa dirishani. Hatukumuuliza mtu yeyote wa ndani karatasi inapita wapi. Tungeuliza mapema, kwa utulivu, kabla hakujawa na ugomvi, tungejua habari ya ufunguo kutoka kwa zaidi ya mtu mmoja, na ile picha ya tano ingeweza kuchongwa bila kumuumbua aliyetuambia. Tulichelewa kuijua, na tuliijua kwa njia ambayo ilitufunga mikono. Sheria ya Septemba 1835 ilipowabana wachoraji wa Ufaransa kuhusu siasa, Daumier aliwageukia mawakili, mahakimu, wenye nyumba na wapangaji wao. Nyuso zake za mawakili si za wakili fulani, lakini utaratibu wa mahakama ameushika vilivyo kwa sababu aliujua. Sisi tulikuwa na uso na hatukuwa na utaratibu.

Kuhusu kanga, tuliiga umbo tukasahau ulinzi wake. Mwanamke anayejifunga kanga yenye jina kali ana pa kutokea siku zote: jina sikulitunga mimi, nimependa rangi. Fumbo linakaa kati yake na jirani yake, na kila mmoja anaweza kuligeuza. Sisi tulitunga, tukachonga, tukachapa na kuuza, na tukaliweka fumbo mahali ambapo mtu wa tatu angeweza kulipiga picha na kuandika jibu chini yake. *Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua*, lakini methali hiyo haikumjua mwerevu mwenye simu. Na nyimbo za Makunduchi huisha na siku. Karatasi haina machweo. Utetezi wa Philipon wa kwamba anayeona mfalme kwenye pea ni yeye aliyeona, sisi tusingeweza kuutumia hata kama tungetaka: pea ilichorwa kwenye kuta za Paris na watoto, na aliyeumia ni mfalme mwenye askari. Wetu aliyeimbiwa na watoto alikuwa anatoka sokoni na fungu la dagaa.

Kutokuweka jina nako kulitugharimu. Tulidhani tunawakinga vijana. Lakini karatasi isiyo na mwenyewe, katika visiwa vyetu, inafanana na waraka uliotupwa usiku, na inavuta swali la "nani kakutumeni" hata isipokuwa na siasa ndani yake. Karatasi za Posada zilitoka na jina na anwani ya duka la mchapaji, Antonio Vanegas Arroyo. Siku nilipoandika jina langu pembeni, maswali yalipungua.

Lililofaa kuliko yote naona ni rai ya Bi. T ya kugawa radhi. Ilimpa Karani haki yake kamili, na haikuichukua picha ya koti. Bila hiyo, M. angetoka nyumbani mwa Karani akiamini ama kwamba kila kejeli ni dhambi, ama kwamba kuomba radhi ni woga. Kwenda na wazee nako kulisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia: Karani asingetamka habari ya droo mbele ya kijana peke yake. Aliyasema mbele ya watu wa rika lake waliokuwa wanajua kunyamaza.

Sasa tunakutana ukumbini kwa Mzee S., vijana sita. Kibao kikimaliza kuchongwa, nakala ya kwanza hupelekwa kwa mtu asiyekuwa wa karakana, mara nyingi mke wa Mzee S., naye huulizwa swali moja: huyu ni nani? Akijibu "ni mtu wa ofisini", tunachapa. Akitaja jina, tunarudi kwenye bobari.

M. amejiunga na fundi wa milango ya nakshi, Unguja, na akija likizo hupita kutusaidia kunoa. Kipande cha nne cha lino hakijaguswa. Karani alipata miwani mipya kabla hajahamishwa. Mara ya mwisho M. alipokutana naye bandarini alimwamkia shikamoo, naye akajibu marahaba, bila kugeuza shingo.